Mayai ya Profesa

4 Machi

Mama Profesa,

Shikamoo. Hunijui kwa sura, ila jina la utani labda umewahi kulisikia. Mimi ndiye yule fundi wa maabara ambaye marehemu mwanao alikuwa akiniita Bwana Saa, kwa sababu sifiki kazini dakika moja mapema wala siondoki dakika moja baada. Mazikoni sikuja. Nilifika hadi kituo cha basi na mfuko wangu, basi likaja, likajaa, likaondoka, nami nimekaa palepale kwenye benchi. Sina la kujitetea. Pole sana, Mama, na unisamehe kwamba pole yenyewe imechelewa miezi minane.

Nina shida moja. Unajua mwanao aliondoka hapa baada ya kuambiwa kwamba matokeo ya utafiti wake ameyatunga kichwani. Kamati ya chuo inakaa tarehe thelathini Mei kulifunga jambo hilo. Wakilifunga hivi lilivyo, jina lake litabaki kwenye majalada yao kama jina la mwongo. Mkuu wetu wa maabara amenikubalia nirudie kazi yake yote kabla ya siku hiyo.

Sijui alikueleza kiasi gani, kwa hiyo niseme kwa lugha yetu sisi tusio na digrii. Profesa alitaka kujua neva za kifaranga, zile nyuzi za fahamu, zinatoka mgongoni na kufika kwenye bawa siku ya ngapi, wakati kifaranga bado ni kiinitete ndani ya yai. Kwa darubini tupu huwezi kuzitofautisha na nyama. Ndipo zinaingia kingamwili, vile vitu ambavyo damu hutengeneza ili kumkamata mgeni akiingia mwilini. Alimdunga sungura kitu kilichotolewa kwenye neva za kuku, na damu ya sungura ikatengeneza kingamwili zinazoshika neva na kuacha vingine vyote. Tukizitia rangi, neva zinawaka kijani kwenye chumba cha giza. Vitabu vyetu vinasema neva huingia bawani kama siku ya tano. Profesa alizikuta siku ya tatu. Maabara nyingine mbili zilijaribu kwa mayai yao, hazikuona kitu, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Zimebaki chupa nane za kingamwili zake kwenye friji ya barafu, kila moja ina mwandiko wake. Mayai aliyotumia yalikuwa yako. Naomba trei moja, mayai thelathini, uyaandae kama ulivyokuwa ukimwandalia yeye, usibadilishe kitu.

Wako,
Fundi wa maabara


11 Machi

Bwana Saa,

Marahaba. Nakujua kuliko unavyodhani. Kila likizo mwanangu alikuwa akikuigiza hapa sebuleni, unavyotembea huku umeinua mkono wa saa karibu na pua, mpaka nacheka mbavu zinauma. Siku ya mazishi niliangalia mikono ya watu wote, natafuta saa. Haya, yamepita, maji yakimwagika hayazoleki.

Trei yako nimempa dereva wa basi la asubuhi. Nimemwambia aiweke karibu na kiti chake, na akipiga breki za kihuni nitajua. Mimi nauza mayai mwaka wa ishirini na sita huu na sijawahi kurudishiwa yai viza. Nimeyaandaa vilevile kama ya mwanangu.

Umeniuliza kidogo, nakujibu zaidi, kwa sababu hapa sina wa kumwambia. Alirudi nyumbani akakaa siku kumi na moja. Hali, hanywi, homa ikamkuta hivyohivyo, na hospitali akakataa. Daktari aliandika homa. Mimi najua mwanangu aliuawa na aibu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Chumba chake sijakigusa. Asubuhi nikiwa nawamwagia kuku chakula nasikia mlango wake unafunguliwa, kisha nyayo zinakuja, zile zake za kuburuza ndala, zinafika karibu yangu zinasimama. Nikigeuka hakuna mtu. Jirani ananishauri nihamie kwa dada yangu. Nimemjibu kwamba huyo ni mwanangu, si mwizi, na nyumba ni yake.

Nisafishie jina lake. Sina ombi lingine duniani.

Mama Profesa


22 Machi

Mama,

Mayai yalifika, halikupasuka hata moja. Niliyaweka kwenye mashine ya kutotolea Jumatatu saa tatu kamili asubuhi, nikayatoa Alhamisi saa tatu kamili. Saa sabini na mbili, siku tatu juu ya alama. Nikavitoa viinitete, nikavikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, nikaviweka kwenye vioo, nikadondoshea kingamwili za Profesa.

Jana saa sita mchana niliingia chumba cha darubini, nikavuta pazia jeusi, nikazima taa.

Zipo, Mama. Zinatoka mgongoni kama uzi wa kijani, zinaingia bawani, zinagawanyika mara mbili. Siku ya tatu, kama alivyosema. Nikasema kwa sauti, "Profesa, njoo uone," kama nilivyozoea zamani. Nikasikia magurudumu ya kiti cha pembeni yanasogea. Mimi si mtu wa mambo hayo, nilishawahi kucheka watu wazima kwa sababu ya mambo hayo. Niliwasha taa. Kiti kilikuwa karibu na goti langu, mahali alipokuwa akikaa yeye.

Sungura amekufa, Profesa amekufa, na zile kingamwili walizotengeneza pamoja bado zinajua kazi yao. Nimeiwaza hiyo tangu jana, sipati usingizi mzuri.

Sasa kamati itataka kuona mayai ya shamba la kuku na mayai yako yamewekwa siku moja, saa moja, mashine moja. Nitumie trei nyingine.

Fundi


30 Machi

Mwanangu,

Sasa nakuita mwanangu, ukitaka usitake. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nilimpelekea jirani yangu, yuleyule aliyesema kwenye foleni ya maji kwamba chuo hakimfukuzi mtu bure. Alisema hana miwani. Nikamwazima yangu. Akasoma yote, akanirudishia, akasema hewala, kisha akakumbuka ana kitu jikoni.

Ile picha ya neva aliyoniletea mwanangu mwaka juzi nilikuwa nimeigeuza uso ukutani. Nimeigeuza tena ikae vizuri.

Trei inakuja na dereva yuleyule. Nimeyachagua moja moja, na hakuna viza hapo, naapa. Na nyayo sijazisikia kwa siku tatu. Nilidhani nitafurahi. Badala yake jana nilisimama bandani na debe la chakula, nasubiri.

Mama yako wa mayai


14 Aprili

Mama,

Barua hii nimeiandika mara nne.

Trei ya pili ilipofika, yai moja lilikuwa limepata ufa njiani. Nikalipasulia kwenye bakuli ili nilitupe. Halikuwa limeingia kwenye mashine hata dakika moja. Mama, juu ya kiini kulikuwa na moyo. Mdogo kama kichwa cha pini, mwekundu, unapiga taratibu, unasimama, unapiga. Nilisimama nao mpaka uliponyamaza.

Yai lililookotwa na kuwekwa mahali pa baridi haliwezi kuwa na moyo. Moyo hauanzi kupiga mpaka yai lipate joto karibu siku mbili. Nikayaweka yaliyobaki pamoja na ya shamba, nikatoa yote baada ya saa sabini na mbili. Safari hii sikuangalia saa peke yake, nilivitazama viinitete vyenyewe. Vya shamba ni vya siku tatu. Vyako vina jicho jeusi kubwa na mabawa yameshajikunja. Hivyo ni vya siku ya tano, Mama. Na siku ya tano ndiyo siku ambayo kila kitabu kinasema neva zitakuwa zimefika.

Kwa hiyo Profesa hakutunga. Aliona kweli alichosema ameona. Lakini mayai yalikuwa na umri ambao hakuujua.

Najua alikuandikia masharti, maana nakala yake ninayo kwenye faili lake: yaokotwe siku ileile, yakae mahali pa baridi, yasilaliwe na kuku. Naomba uniambie bila kuogopa. Yalilaliwa?

Fundi


20 Aprili

Fundi,

Hayakulaliwa.

Mimi ni mtu mzima, sikufundishwa mayai na mtu anayeyaona kwenye trei. Mwanangu alisema yasilaliwe, hayakulaliwa. Tafuta kosa kwenye mashine yenu, maana mlianza kwa kumwita mtoto mwongo na sasa naona mmehamia kwa mama. Huo moyo ulioukuta labda ulikuwa wako, kwa hofu.

Mayai mengine sileti.

Mama Profesa


6 Mei

Mama,

Sitakuuliza tena kuhusu mayai. Leo nasema langu.

Kwa kawaida ya kazi yetu, saa ya mashine haitoshi. Kila kiinitete kikitolewa lazima kitazamwe kwanza. Unahesabu vile vipande vilivyojipanga mgongoni, unapima bawa, ndipo unaandika kwenye daftari kina umri gani. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Profesa alikuwa akipokea vipande vilivyokwisha kukatwa juu ya vioo, kiinitete kizima hakukiona hata kimoja. Viinitete vilikuwa zaidi ya mia mbili, na mimi ni mtu wa saa. Nilisoma saa, nikaangalia chati iliyobandikwa ukutani, nikanakili umri unaolingana na saa hiyo. Mia mbili na kumi na nne, vyote kwa mwandiko wangu mzuri. Niliona kwamba vya kwako ni vikubwa. Nilifurahi, maana ni rahisi kukata. Nikamtania Profesa kwamba mama yake anawalisha kuku saruji. Akacheka.

Wakati wanamshtaki, daftari hilo lilikuwa mezani mwao. Likasema viinitete vilitazamwa na vikakutwa ni vya siku tatu. Likammaliza. Nami nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini, nikaogopa. Profesa hata siku moja hakuniuliza kama niliviangalia kweli. Ndiyo maana sikuweza kupanda lile basi.

Kiti kile bado kinasogea. Siku hizi sikiwashii taa. Nakaa nacho.

Nimeshaamua. Tarehe thelathini nitawaambia mashine ya kutotolea ilikuwa na joto la kupita kiasi mwaka ule, viinitete vikakua haraka, na mimi sikuvitazama. Jina la Profesa litasafishwa, kosa litakuwa langu, na mayai hayatatajwa. Wewe usiseme chochote kwa mtu yeyote. Nitayabeba haya mwenyewe.

Fundi


31 Mei

Mama,

Kwa nini hukuniambia unakuja?

Nilikuwa nimeshaanza kusema ya mashine. Mwenyekiti anaandika, mkuu wetu ananitazama kwa sababu anajua ile mashine haijawahi kuharibika, mlango ukafunguliwa, nikaona mama mmoja mfupi ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nilikujua kabla hujasema. Mna kidevu kimoja.

Nimeyarudia maneno yako kichwani usiku na mchana tangu jana. Ulisema, "Mashine yenu haina kosa. Mayai yalilaliwa siku mbili, na mimi ndiye niliyeyaweka chini ya kuku."

Kisha ukawaeleza kama unavyomweleza mnunuzi. Kwamba trei ya kwanza kabisa uliileta kama alivyosema mwanao, na mayai kumi yakatoka viza, na mwanao akakuambia kwa mzaha kwamba maabara nzima imemcheka. Kwamba ulilia, mzaha wenyewe hakujua umekuingia wapi. Kwamba tangu trei ya pili ulikuwa ukiyaweka chini ya kuku wanaoatamia siku mbili, halafu unafunga mlango wa stoo na kumulika kila yai kwa tochi, lenye doa la uhai linaenda, lisilo nalo linabaki. Hivyo ndivyo mama yako alivyokufundisha kuchagua mayai ya mbegu. Hukumwambia, kwa sababu alisema yasilaliwe, na ulidhani ni masharti ya watoto wa shule. Yule mzee wa mwisho wa meza akakuuliza kama ulijua madhara yake. Ukamjibu kwamba wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema asiyesikia la mtoto huvunjika nini.

Baada yako nami nikasimama, nikasema ya daftari, yote. Wameandika kwamba mwanao hakutunga kitu, kwamba aliona kweli na kuripoti kweli, na kwamba makosa yalikuwa ya watu waliomzunguka. Barua rasmi itakufikia wiki hii. Mimi nimesimamishwa kazi, na sina kinyongo. Nilitoka mbio kukutafuta, mlinzi akaniambia umeshapanda basi.

Mama, umelisafisha jina lake. Ni wewe, si mimi. Ningekuwa na mkono wako hapa ningeushika. Natamani sasa upumzike.

Bwana Saa


9 Juni

Mwanangu Bwana Saa,

Barua yao imefika, ina mhuri na sahihi tatu. Nimeisoma kaburini kwa sauti, kila neno, hata nambari ya sanduku la posta. Jirani alinisindikiza, akanishikia mwavuli.

Pole kwa kazi. Saa zako zisikutese sana ukiwa nyumbani. Ukichoka kukaa njoo huku, kuna mabanda ya kujenga, na sitakuuliza umefika saa ngapi.

Unasema nipumzike. Kwa hiyo nikwambie. Kamati iliniuliza mambo mengi, na nilijibu yote kwa ukweli. Kuna moja hawakuuliza, wala wewe hukuniuliza, kwa sababu hakuna mtu angeliwaza.

Siku ya nane tangu arudi nilimpelekea uji kitandani. Nikamkuta amekaa, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, ana karatasi juu ya goti. Alikuwa ameorodhesha kila kitu ambacho kingeweza kuwa kimekosewa. Mashine, rangi, kingamwili, sungura, vioo, fundi. Kila kimoja amekipiga mstari. Wewe alikuwa amekukata wa kwanza. Kilibaki kimoja chini kabisa. Akaniangalia kwa lile jicho lake la utotoni, la kuuliza kwa nini hivi na kwa nini vile, lililomfanya nimwite Profesa akiwa na miaka minne. Akaniuliza, "Mama, yale mayai, kuku waliyalalia?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Ningesema ndiyo angeruka pale kitandani, angeomba nauli, angerudi chuoni siku ileile. Sasa najua hivyo. Siku ile nilimwona alivyokonda, nikafikiri nikisema ndiyo atajua kwamba ni mama yake aliyemfanyia haya, na hatanitazama tena. Niliona aibu, Bwana Saa. Aibu ya mayai.

Nikamwambia, "Hapana, baba. Hayakulaliwa."

Akaniamini palepale. Akachukua kalamu akakipiga mstari kile cha mwisho. Akasema, "Basi ni mimi." Akanirudishia bakuli la uji, halijaguswa, na tangu hapo hakuomba hata maji. Siku tatu baadaye nikamzika.

Barua hii usinijibu. Nilitaka tu awepo mtu mwingine anayejua.

Mama Profesa